Kifaa cha kuandika kwa macho: tathmini ya mtu anayekitumia kusema

Kifaa ninachokitathmini hapa ndicho kilichoandika maneno haya, herufi baada ya herufi, kwa kufuata mahali macho yangu yanapotua kwenye kibodi iliyochorwa juu ya skrini. Nina ugonjwa wa ALS, ambao huua kidogo kidogo seli za neva zinazoipa misuli amri ya kufanya kazi. Mikono ndiyo iliyotangulia kuniacha, miguu ikafuata, kisha ulimi, na sasa sauti inayotoka kinywani mwangu inaeleweka kwa mume wangu peke yake, naye hukisia zaidi ya anavyosikia. Nayatanguliza haya kwa sababu msomaji wa tathmini ana haki ya kujua aliyeiandika anakitegemea kifaa kwa kiasi gani. Mimi nakitegemea tangu ninapoamka hadi ninapolala, kwa kuzungumza, kuwaandikia watu, kusoma, kuzima taa na kubishana. Tathmini nyingi nilizozisoma kabla ya kukipata ziliandikwa ama na wauzaji, ama na watu wenye afya njema waliokijaribu kwa dakika chache, wakastaajabu kuona herufi zikijiandika, kisha wakainuka na kwenda zao. Mteja anayetafuta kitu cha kuishi nacho hapati kingi katika mastaajabu ya mtu aliyeinuka na kwenda zake.

Jina la mtengenezaji sitalitaja. Vifaa vya aina hii vinafanana sana kwa namna vinavyofanya kazi, na karibu kila sifa na kila kasoro nitakayoieleza inatokana na aina yenyewe. Aliyeniuzia nitamfikia baadaye, kwa kuwa malalamiko yangu juu yake ni ya namna nyingine.

Kinavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Chini ya skrini kuna taa ndogo za mwanga wa infraredi, ambao jicho haliuoni, pamoja na kamera inayoutazama mng'ao wa mwanga huo juu ya konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, na kuulinganisha na mahali ilipo mboni. Kutokana na uhusiano wa viwili hivyo, programu hukokotoa ninatazama wapi. Kabla ya kuanza, mtumiaji hufuata kwa macho nukta inayohama kutoka pembe moja ya skrini hadi nyingine, ili programu ilijue jicho lake. Zoezi hilo ni la muda mfupi, lakini hulazimika kurudiwa kila kichwa kinapohamishwa sana au kiti kinapobadilishwa mlalo. Skrini inapaswa kukaa usawa wa uso, kama sentimita 60 kutoka machoni. Ugonjwa wenyewe, ambao daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza mwaka 1869, una tabia moja ambayo biashara hii yote imejengwa juu yake: kwa wagonjwa wengi huiacha misuli inayozungusha macho ikifanya kazi hata pale ambapo mikono, shingo na koo vimeshindwa.

Herufi huchaguliwa kwa kutazamwa bila kuhamisha macho kwa muda uliowekwa, na muda huo ndio mpangilio wa kwanza ambao mnunuzi anapaswa kujifunza kuubadilisha. Fundi aliyenifungia kifaa aliuweka kwenye sekunde moja. Kwa mgeni ni sawa, maana asiyezoea hutafuta herufi huku na huko na kila anapotulia kidogo huandika asichokusudia. Lakini mkono wake ukishazoea, kama naweza kuliita jicho mkono, sekunde moja kwa kila herufi ni adhabu. Niliupunguza polepole hadi ukakaribia nusu sekunde, na hakuna mbinu nyingine iliyoniongezea kasi kiasi hicho. Siku ambazo macho yamechoka naurudisha juu bila kuona haya. Kuchoka huko hakuzungumzwi vya kutosha. Kwa mtu mwenye viungo vyote, jicho ni la kujulia mambo, wala halitarajiwi kuyatenda, na sasa linafanya kazi zote mbili kwa wakati mmoja: ukiiacha skrini wazi mbele yako huku unawaza jambo lako, utakuta umeandika mstari wa herufi zisizo na maana au umefuta ulichokuwa nacho. Kitufe cha kukipumzisha kifaa, ambacho kwenye mpangilio wa awali kimefichwa ndani ya orodha ya pili, kiwekwe kwenye ukurasa wa kwanza tangu siku ya kwanza.

Programu hubashiri maneno ili kupunguza kazi, na hapa mtumiaji wa Kiswahili anapaswa kuwa na subira. Ubashiri huu ulibuniwa kwa lugha ambazo neno moja lina maumbo machache. Sisi hukusanya mtendaji, wakati, mtendwa na kauli ndani ya kitenzi kimoja, kwa hiyo programu inayobashiri kwa kukariri maneno mazima hukwama pale pale tunapoihitaji. Inasoma mwanzo wa kitenzi, inatoa maneno matatu yasiyohusiana, kisha inasubiri. Hata hivyo inajifunza. Umbo ambalo nimeliandika mara kadhaa hulikumbuka, na toleo nililonalo linaruhusu kulishwa maandishi ya zamani ya mtumiaji. Dada yangu aliingiza barua nilizomwandikia kwa miaka mingi, na tangu hapo kifaa kimeanza kunibashiria vitenzi vyangu mwenyewe, pamoja na ukali wangu. Suala la sauti ya kusomea halina ugumu uleule, kwa sababu sauti za kompyuta zinazosoma Kiswahili zipo kutoka kampuni kubwa kama Google na Microsoft. Kinachotakiwa ni kumuuliza muuzaji, kabla ya malipo, kama kifaa chake kinaweza kuzitumia, na kumtaka akuonyeshe badala ya kukuahidi.

Pamoja na msaada huo wote, kasi inabaki kuwa udhaifu mkubwa kuliko wote. Mazungumzo ya kawaida ya Kiingereza, ambayo ndiyo yaliyopimwa zaidi, huenda kwa maneno kama 120 hadi 180 kwa dakika, na mwenye mazoea ya kuandika kwa macho hupata 10, akijitahidi sana 20. Kwa maneno yetu marefu sitegemei kuzifikia hata hesabu hizo. Maana yake katika maisha ni kwamba ninapomaliza kuandika jibu, mada imekwisha kubadilishwa, na utani wangu hufika mezani wakati watu wamehamia kwenye habari ya msiba. Wenye nia njema hunimalizia sentensi, mara nyingi vibaya. Mume wangu, ambaye kwa miaka yote ya ndoa yetu amekuwa na kipaji cha kukumbuka shughuli ya nje kila ninapoanza kushinda ubishi, alikuta ugonjwa umemwongezea nafasi: aliweza kusema lake, akatoka, na kurudi nikiwa kwenye neno la tatu. Tulikubaliana kwamba anayeanzisha ubishi na mimi hukaa chumbani hadi nimalize. Makubaliano hayo yameifaa nyumba yetu kuliko toleo lolote jipya la programu.

Hapo ndipo naingia kwenye jambo ambalo lingepaswa kuwaamsha watengenezaji. Kifaa huja kikiwa na sentensi zilizokwisha kuandikwa, ambazo mtumiaji huzichagua kwa tazamo moja na zikasomwa kwa sauti. Wazo ni zuri kabisa, kwa sababu ndilo linaloweza kuiokoa kasi. Lakini mtu aliyezichagua sentensi zenyewe alikuwa na picha ya mgonjwa kichwani mwake, na mgonjwa huyo hana anachotaka duniani zaidi ya kuhudumiwa na kushukuru. Nina kiu. Nasikia baridi. Naomba nigeuzwe. Asante sana. Wewe ni mwema. Kurasa mbili nzima za mahitaji na shukrani, bila sentensi hata moja ya kukataa, ya kuuliza habari, ya kuchokoza, ya kumsengenya mtu au ya kumwambia mgeni kwamba muda wake wa kuondoka umefika. Mahitaji ni ya kweli na sentensi zake nimezibakiza, lakini nimezihamishia ukurasa wa mwisho. Ukurasa wa kwanza sasa unasema: “Ngoja, sijamaliza.” “Usinimalizie.” “Hilo ulishanieleza.” “Nani kakwambia?” “Siyo hivyo, na unajua siyo hivyo.” “Mwongo wewe.” “Sasa niacheni peke yangu.” Hii ya mwisho ndiyo ninayoitumia zaidi, kwa sababu mtu anayehudumiwa mchana kutwa hukosa upweke kabla hajakosa kitu kingine chochote.

Watu hunisifu kwa ujasiri, na mara nyingi wanachokisifu ni kwamba sikulia mbele yao. Kwa kadiri ninavyoliona jambo hili kutoka kwenye kiti changu, kazi ngumu iko mahali pengine kabisa: ni kuendelea kuwa mtu mwenye maoni wakati kila kitu kinachokuzunguka, kuanzia kitanda hadi sauti ambayo wageni huitumia kukusemesha, kinakuzoeza kuwa mtu mwenye mahitaji. Kifaa cha mawasiliano kinaweza kuwa upande wangu katika kazi hiyo au upande wa kitanda. Hiki, kikitoka kiwandani, kiko upande wa kitanda. Kikishapangwa upya, kinavuka. Ndiyo maana mnunuzi namshauri asikabidhi upangaji wa sentensi kwa fundi wala kwa ndugu, hata kama utamchukua muda mrefu na kumchosha.

Sauti ni sura nyingine, na ndiyo iliyonigusa zaidi. Nilikuwa mwalimu wa hisabati, na sauti ilikuwa chombo changu cha kazi. Ilikuwa bado inaeleweka, ingawa imeanza kuburuta, mtaalamu wa tiba ya usemi aliponieleza kwamba inaweza kuhifadhiwa. Miaka ya nyuma huduma za kuhifadhi sauti zilimtaka mtu arekodi sentensi zaidi ya elfu moja, kazi ya kumchosha hata mwenye afya. Siku hizi zipo zinazoridhika na chache mno. Simu za Apple, kwa mfano, zilipata mwaka 2023 uwezo wa kutengeneza sauti inayofanana na ya mwenye simu kutokana na sentensi 150 alizozisoma. Huduma za namna hii nyingi zilianzia kwenye Kiingereza, na lugha nyingine zinaongezwa moja moja, kwa hiyo mwenye kukusudia kuitumia kwa Kiswahili aulize kwanza. Huduma niliyoitumia mimi ilikubali nisome nilichokitaka, ikatengeneza sauti inayosoma Kiswahili kwa rangi ya sauti yangu. Mwanangu alipoisikia mara ya kwanza alisikiliza hadi mwisho, akanitazama, akasema, “Mama, hiyo ni wewe kabisa, ila ni wewe unayesoma tangazo.” Sijasikia tathmini iliyo sahihi zaidi ya hiyo. Sauti ni yangu, lakini haina mahali pa kupumulia, haijui kupandisha neno la mwisho ili kumtia mtu wasiwasi, na husoma kejeli na pongezi kwa namna moja.

Kuna njia ya pili, ambayo wauzaji huitaja kwa haraka kwa kuwa haina kitu cha kuuza. Badala ya kurekodi sauti ili kompyuta iitengeneze upya, mtu hurekodi maneno yake mwenyewe, kama anavyoyasema, yahifadhiwe na kuchezwa yalivyo. Nilirekodi namna ninavyomwita kila mtu wa nyumbani. Nilirekodi kucheka kwangu, kule kuguna kwangu darasani mwanafunzi anapotoa jibu lisilo na mwelekeo, na sentensi chache za upendo nilizozisema siku ambayo hapakuwa na mtu chumbani. Rekodi hizo zimeunganishwa na vitufe kwenye kifaa. Guno la darasani nalitumia karibu kila siku. Mwenye ugonjwa huu ambaye bado anasema, na ambaye ana uwezo wa kufanya moja tu kati ya haya mawili wiki hii, namwambia bila kusita aanze na kurekodi maneno yake halisi, kwa simu yoyote, hata kabla hajajua atanunua kifaa gani.

Si kila mtu anaihitaji sauti yake ya zamani, nami siwezi kumlaumu asiyeitaka. Stephen Hawking, mwanafizikia wa Uingereza aliyegunduliwa kuwa na ugonjwa huu mwaka 1963 akiwa na umri wa miaka 21, alipoteza kabisa uwezo wa kusema mwaka 1985 alipotobolewa koo ili aweze kupumua, na baadaye akapewa nafasi ya kubadilisha ile sauti yake ya kompyuta kwa sauti bora zaidi. Alikataa, kwa sababu ilikwishakuwa yake. Alifariki mwaka 2018 akiwa bado nayo. Kwa upande wa pili yuko Rob Burrow, mchezaji wa raga wa Uingereza aliyepata habari za ugonjwa wake Desemba 2019. Yeye aliitengenezea sauti yake nakala, na Desemba 2022 akawasomea watoto hadithi ya kulalia kwenye televisheni kwa kifaa kinachoongozwa na macho, kwa lafudhi ya kwao. Alifariki Juni 2024. Namtaja hasa kwa sababu alichokifanya na kifaa kilikuwa kuwasomea watoto hadithi, jambo ambalo halimo kwenye kurasa mbili za kiwandani.

Sasa kasoro ambayo hakuna aliyenitahadharisha nayo. ALS huweza kuvuruga njia za ubongo zinazodhibiti kulia na kucheka, kiasi kwamba kilio au kicheko humjia mtu kwa nguvu isiyolingana na sababu, na pengine bila sababu. Mimi ni mmoja wa wanaosumbuliwa hivyo. Machozi yakijaa, mng'ao wa infraredi hutawanyika na kamera hulipoteza jicho. Nikicheka, kope hukaribiana na kamera hulipoteza vilevile. Matokeo yake ni kwamba kifaa kinanyamaza palepale ambapo mtu mwenye sauti angesema neno lake zito kuliko yote. Nilipopewa habari ya kifo cha mwenzangu tuliyefundisha pamoja, wote waliokuwepo walinigeukia, nami sikuwa na njia ya kusema hata jina lake hadi nilipofutwa macho na kurekebishwa kichwa. Wahandisi wanaweza kulipunguza tatizo hili, na natumaini wanalijua. Mpaka hapo, mtumiaji anahitaji kuwa na njia ya akiba isiyotumia kamera.

Njia yangu ya akiba ni ubao wa herufi, kipande cha plastiki angavu chenye herufi zilizopangwa kwa makundi, ambacho mtu hukishika kati ya uso wake na wangu, akasoma kutokana na mwelekeo wa macho yangu ninakusudia herufi ipi. Hauna betri, haujali jua, machozi hayaushindi, na anayeushika analazimika kunitazama usoni. Kwa mambo mafupi kati ya watu wawili waliouzoea hauachwi mbali na kompyuta. Udhaifu wake ni kwamba siwezi kuutumia bila mtu, na kila ninachokisema hupitia kinywani mwake. Kuna mambo ambayo mke hawezi kuyasema kupitia kinywa cha mama mkwe. Kwa gharama yake ndogo, ningemshangaa muuzaji anayekufungia kifaa bila kukupa ubao pamoja nacho.

Mazingira nayo yana masharti yake. Jua lina infraredi yake, hivyo nje mchana kamera huzidiwa, na barazani nimekuwa mtu wa kusikiliza tu mpaka jioni. Miwani yenye lenzi za daraja mbili huikatisha kamera mahali zinapoungana. Macho yanayokodolea skrini hayapepesi vya kutosha, yakakauka. Matone ya macho ni sehemu ya vifaa, ingawa hayamo kwenye sanduku. Mkono wa chuma unaoshika skrini ulinisumbua kuliko skrini yenyewe, kwa sababu ukilegea kidogo kila kitu kinahama, na anayekuhudumia lazima ajifunze kuusogeza na kuurudisha mahali pake kamili kila unapolishwa, kuoshwa au kugeuzwa. Hilo lilitugharimu ugomvi kadhaa kabla dada yangu hajaweka alama za rangi kwenye viungio.

Nyuma ya skrini kuna kioo kidogo kinachowaonyesha walio mbele yangu ninachokiandika. Niliambiwa ni faida, na wakati mwingine ni faida kweli, maana wanajua kwamba bado naandika na hawanyanyuki. Lakini pia wanasoma mbele ya sauti, wakajibu sentensi ambayo sijaikamilisha, na macho yao yanakaa kwenye kioo badala ya kwangu. Kinaweza kuzimwa. Nakiwasha kwa wageni na kukizima kwa watu wa nyumbani, ambao wamejifunza kusubiri.

Niseme wazi mahali ambapo kifaa kimejilipia chenyewe, na mahali hapo ni kwa daktari. Kabla yake, maamuzi yalizungumzwa juu ya kichwa changu. Baada ya kukipata, tulikwenda kliniki na daktari, kwa mazoea, akamgeukia mume wangu na kumuuliza, “Mama analalaje siku hizi?” Nikaandika, wakasubiri, kifaa kikasoma: “Mama yupo hapa, daktari, na halali.” Aliomba radhi kwa uungwana, akakivuta kiti chake mbele yangu, na tangu siku hiyo huniuliza mimi. Tumezungumza hivyo juu ya mashine ya kusaidia kupumua usiku, ambayo kwa ugonjwa huu huweza kurefusha maisha na kuboresha usingizi, na nikakubali kuvaa barakoa yake. Tumezungumza juu ya mrija wa kulishia tumboni, nao nikaukubali baada ya maswali mengi. Tumezungumza juu ya dawa ya riluzole, iliyoidhinishwa Marekani tangu mwaka 1995, ambayo huongeza muda kwa miezi michache bila kuponya, nami niliomba nielezwe hivyohivyo bila kupakwa mafuta. Kuhusu kutobolewa koo na kuishi kwa mashine mchana na usiku nimeandika uamuzi wangu mwenyewe, kwa macho yangu mwenyewe, nikiwa peke yangu chumbani na mlango umefungwa. Uamuzi wenyewe si wa tathmini hii. Kinachohusu tathmini ni kwamba hakuna aliyenishikia kalamu.

Kifaa hiki hakimfai kila mwenye ugonjwa. Kope zikidhoofika na kuning'inia, kamera haiuoni mboni vizuri; Hawking mwenyewe alijaribiwa ufuatiliaji wa macho ukashindikana kwa sababu hiyo, akaendelea kutumia msuli wa shavu uliosomwa na kihisi kilichofungwa kwenye miwani yake. Wapo ambao ugonjwa umewagusa pia kufikiri au tabia, na kwao kurasa zilizojaa vitufe huwa mzigo. Picha chache kubwa zitawasaidia zaidi. Anayeweza bado kusogeza kidole au kichwa ana njia nyepesi zaidi za kuanzia, ingawa namshauri azoee hii mapema, kabla haijawa ya lazima. Kuhusu vipandikizi vya ubongo ambavyo wageni wangu wote wamevisikia, ni kweli kwamba mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha matokeo ya mtu mwenye ALS ambaye maneno aliyojaribu kuyatamka yalisomwa moja kwa moja kutoka kwenye ubongo kwa usahihi uliofikia asilimia 97. Nimefurahi kwa niaba yake. Lakini huo ni utafiti unaohitaji upasuaji na timu ya wataalamu, na mtu anayepoteza sauti mwaka huu asiahirishe kununua kinachopatikana.

Kifaa chenyewe nakipa nyota nne kati ya tano, na ile iliyokosekana wameipoteza kwa zile kurasa mbili. Aliyeniuzia simpi zaidi ya mbili. Mafunzo yalikuwa alasiri moja, yakaelekezwa kwa mume wangu huku mimi nikitazama. Kamera ilipoharibika, kifaa kilichukuliwa kwa matengenezo yaliyochukua wiki kadhaa, na katika wiki hizo hapakuwa na kifaa cha kuazima. Nilipouliza, kwa kutumia ubao, kama walifahamu kwamba wameondoka na sauti ya mtu, nilijibiwa kwamba utaratibu wa kampuni hautofautishi aina za wateja. Kwa hiyo anayekusudia kununua adai mambo haya yawe kwenye mkataba, kwa maandishi: kifaa cha kuazima kutoka siku ya kwanza ya matengenezo, nakala ya mipangilio, sentensi na rekodi zake ambayo anabaki nayo yeye, mtu wa kupigiwa anayeweza kuiona skrini kwa mbali na kuirekebisha, na mafunzo ya pili baada ya mwezi mmoja ambayo yatamlenga atakayekitumia. Muuzaji wangu wa sasa, niliyehamia kwake kwa huduma hizo, alikubali yote isipokuwa la mafunzo, nasi bado tunaandikiana juu ya hilo.